Majoho Kumi na Manane ya Vaalspoor

Mwezi uliopita, siku ya tatu ya matanga ya Papa Kasongo, tulikuwa tumekaa uani kwake Malvern, Johannesburg, chini ya turubai la kukodi, tukila bukari, ugali wa Kikongo, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani za plastiki na kubishana kwa sauti ya chini juu ya nani atabeba jeneza. Geti likasukumwa, akaingia mwanamke mwembamba mwenye mvi, joho la zambarau limelazwa juu ya mkono wake. Ubavuni mwa joho lile, kulia na kushoto, palikuwa na vipande vya kitenge cha manjano chenye ndege. Nililitambua joho kabla sijamtambua mwenyewe. Nilisimama na sahani mkononi nikapiga kelele, "Lena!" kwa furaha isiyofaa msibani, na mama mmoja wa kanisa akanikata jicho. Mama Béa, mjane, ndiye aliyeniokoa. "Mumwache," alisema. "Marehemu mwenyewe angepiga kelele kumuzidi."

Lena alinikumbatia, kisha akalipachika joho kifuani kwake ili nione. Lilimzidi kila upande. "Kesho nataka kumwimbia mzee nikiwa nimevaa hili," alisema kwa Kiingereza chake cha Karoo, ambacho hapa nakiandika kwa Kiswahili kama maneno ya watu wote wa kule. "Lakini tazama, nimepungua. Lipunguze." Nilitia mkono mfukoni nikazikuta funguo za duka, ambazo tangu Jumatatu Mama Béa alikuwa amenipa bila kusema kwa nini. Kutoka nyumbani kwake mpaka dukani Jules Street ni hatua zisizofika mia mbili na robot moja, yaani taa za barabarani, ya kuvukia, na katika hatua hizo, Lena akitembea kando yangu, mwaka wangu wa kwanza katika mji huu ulinirudia mzimamzima.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Sasa nina arobaini na sita. Nilikuwa nimefika Johannesburg miezi minne tu kutoka Tabora, nikiwa na cheti cha kidato cha nne, ufundi wa kushona niliojifunza kwa miaka miwili, na miguu isiyotulia. Papa Kasongo alinipokea bila kuniuliza maswali mengi. Duka lilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia. Mbele kulikuwa na cherehani tatu, meza ya kukatia, pasi nzito ya umeme iliyowahi kuzimisha taa za jengo zima, na ukuta uliojaa picha za watu waliovaa nguo tulizoshona. Nyuma ya pazia kulikuwa na jiko la Mama Béa na godoro langu, ambalo mchana lilisimamishwa ukutani likawa mahali pa kuchomekea pini. Asubuhi zangu zote za mwaka ule zilianza kwa kuchomoa pini moja au mbili mgongoni. Nje, wauzaji wa Jules Street walikuwa wakipanga nyanya na betri na soksi juu ya maboksi, na sisi tukinywa chai na mkate wa spaza, kiduka cha jirani, Papa Kasongo akizungumza na kitambaa kilichokuwa mezani zaidi kuliko alivyozungumza na sisi. "Weye," alikiambia, "leo usinisumbue." Mimi aliniita Tanzanie. Sidhani kama mwaka ule alilitaja jina langu hata mara tano.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: hakuna nguo inayotoka dukani kabla mwenyewe hajaivaa ikiwa imeshikizwa tu kwa nyuzi ndefu, fundi akimzunguka na pini mdomoni. Kule kupima mwilini alikuita esiyaji, na kwake kulikuwa jambo zito kama ubatizo. Ya pili: ndani ya kila mshono aliacha kitambaa cha ziada, vidole vitatu, mara nyingine vinne, kimekunjwa na kulazwa vizuri pasipoonekana. Mafundi wengine wa mtaa ule walimcheka, wakasema Mkongo huyu anawashonea watu mapazia ndani ya nguo. "Mutu anabadirika," aliwajibu. "Sasa nguo yake itamungojea namna gani?" Mimi nilikuwa upande wa waliocheka, ingawa nilicheka kimoyomoyo. Fundi wangu wa Tabora alikuwa akipunguza mishono mpaka ikawa myembamba kama ukucha, na nilijivunia mkono huo. Niliona kuacha kitambaa ndani ni ushamba.

Kisha simu ikalia. Tulikuwa tumechapisha kalenda ya duka, yenye picha ya kwaya moja ndani ya majoho yetu, na dereva mmoja wa lori akaibeba nakala mpaka akaiacha mahali paitwapo Vaalspoor, mji wa reli huko jangwani, Karoo. Aliyepiga alikuwa mwanamke mzee. Alisema anaitwa Ouma Sanna, yaani Bibi Sanna, na kwamba anataka majoho ya kwaya, kumi na manane, rangi ileile ya kwenye kalenda, yawe tayari kabla ya Jumamosi fulani ya mwisho wa mwezi wa nne. Kisha akaanza kunisomea vipimo kutoka kwenye daftari. Nilisikia kurasa zikigeuzwa. Alisoma jina, mabega, kifua, urefu. Jina, mabega, kifua, urefu. Nyuma yake mwanamume alikuwa akikohoa na kusema, "Mwambie na kola isiwe ngumu, ile ya zamani ilinichinja." Niliandika yote kwa mwandiko wangu bora, nikampelekea Papa Kasongo.

Aliisoma karatasi mara mbili, miwani yake iliyofungwa kwa uzi ikiteleza puani. "Béa, kuya uone," alimwita mkewe. "Kwaya ya batu kumi na munane, munene hata moya hakuna. Ile ni kwaya ao ni njaa?"

"Jangwani chakula ni kidogo," alisema Mama Béa kutoka nyuma ya pazia.

"Hapana. Mama za kwaya minabajua. Kuna kintu hapa." Alifikiri kidogo, akaniangalia. "Tunashona. Tunaacha bidole bine kila upande. Na mutu atakwenda kule kufanya esiyaji."

Sikumngoja amalize. Nilisema, "Mimi!" kwa sauti iliyomfanya mteja aliyekuwa mlangoni ageuke. Tangu nifike Johannesburg nilikuwa nimeiona nchi hii kwa dirisha la teksi tu, kati ya Malvern na mjini, na sasa mtu alikuwa akitaja treni, jangwa, usiku mzima wa safari. Mama Béa alicheka mpaka akatoka nyuma ya pazia kuniona. "Huyu mtoto," alisema, "miguu yake inashona kuliko mikono."

Tulishona wiki tatu. Papa Kasongo hakutengeneza majoho mapana ya kumfunika mtu kama gunia. Yake yalikaa mabegani na kifuani, ndipo yakaachiwa kushuka, kwa hiyo kipimo kilikuwa na maana. Kila joho lilibandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Siku moja kabla ya safari yeye alikwenda kanisani, mimi nikabaki kupiga pasi, na hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Niliona mishono ile minene ikivimba chini ya pasi. Niliwaza: mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wale watu, mimi ndiye watakayemwita fundi, na wataona kazi chafu hii. Nikachukua mkasi. Nikalikata la kwanza ndani kwa ndani, nikalipiga pasi, likalala kama karatasi. Nikakata la pili. Nikakata la tatu, na jina lililokuwa juu yake nililisoma vizuri kwa sababu lilikuwa fupi: Lena. Kisha Mama Béa akaniita kula, na baada ya kula kulikuwa na mizigo ya kufunga, nikaacha. Vile vipande vya zambarau nilivitupa kwenye pipa la jirani. Majoho yote kumi na manane tuliyafunga ndani ya kitenge kikubwa cha Mama Béa, cha manjano chenye ndege, mafundo manne, na Papa Kasongo akanisindikiza mpaka Park Station akiwa ameshika fundo moja, kana kwamba naweza kubadili nia.

Niliamka asubuhi nikakuta miji imeisha. Hakukuwa na nyumba, hakukuwa na mti, hakukuwa na kitu cha kusimamisha jicho. Udongo mwekundu tu, vichaka vifupi vya kijivu, na anga iliyoanzia miguuni. Nilishusha dirisha nikatoa kichwa nje kama mtoto. Upepo uliniingia mdomoni ukiwa na mchanga na nikaendelea kucheka. Kondakta aliponiuliza nashuka wapi nikasema Vaalspoor, aliita mwenzake aje anitazame. "Vaalspoor?" alisema. "Una uhakika? Pale tunapunguza mwendo tu, mpaka mtu aseme." Nikasema, basi mimi nasema.

Jukwaa la Vaalspoor lilikuwa refu kuliko la mji mkubwa, kwa sababu zamani, enzi za injini za mvuke, treni zote zilisimama pale kunywa maji. Tangi la chuma lilikuwa bado limesimama juu ya miguu yake, kutu tupu, kubwa kama kanisa. Na juu ya jukwaa walisimama watu saba, wazee, wamevaa kofia na nguo za Jumapili ingawa ilikuwa Alhamisi, wakipunga mikono. Nilidhani wananipokea mimi, nikapunga kwa nguvu zote. Baadaye niliambiwa hufanya hivyo kwa kila treni, ya abiria na ya mizigo, mchana wote, mwaka wote. Oupa Dawid, yaani Babu Dawid, yule mzee wa kikohozi niliyemsikia simuni, aliyewahi kuwa mpiga makaa kwenye injini, alinieleza bila haya. "Treni isipoona mtu inasahau," alisema. "Na sisi tumesahaulika vya kutosha."

Waliniandalia chakula kwenye meza ya chumba cha kungojea cha daraja la kwanza, ambacho ndicho kilikuwa pia chumba changu cha kulala: nyama ya kondoo iliyochemshwa na boga, mkate uliochomwa juu ya makaa mpaka ukawa na mistari ya wavu, kahawa yenye maziwa ya kopo. Mabenchi yalikuwa ya mbao nyeusi iliyong'arishwa na makalio ya miaka mingi. Saa ya ukutani ilikuwa hai. Oupa Dawid aliitia ufunguo kila asubuhi. Nilikula haraka, nikafungua mafundo manne, nikayatandika majoho yote juu ya mabenchi, moja moja, kola juu, karatasi za majina zikionekana. Wazee waliyapapasa kwa ncha za vidole. Mmoja alivua kofia.

"Haya," nilisema kifundi, pini zikiwa tayari. "Waiteni na wengine tuanze."

Hakuna aliyesogea. Oupa Dawid alikohoa. Ouma Sanna, mwanamke mdogo mwenye magoti mabovu na macho makali, alisema, "Wengine wanakuja."

"Anasema hivyo hata kwa waliokufa," alisema Oupa Dawid.

Ndipo nilipoelewa. Mji mzima ulikuwa watu saba. Daftari alilonisomea lilikuwa la kwaya ya zamani, vipimo vya miaka kumi na mitano nyuma, wakati reli ilipokuwa bado na kazi na kila mtu pale alikuwa mwembamba kwa kubeba na kukimbia. Wengine kumi na mmoja walikuwa wametawanyika, Kimberley, Cape Town, Johannesburg, hata migodini. Na ile Jumamosi aliyoitaja, kesho kutwa, mkubwa mmoja wa reli alikuwa anakuja na treni ya asubuhi kuangalia kama Vaalspoor bado kuna watu. Kama hakuna, treni isingesimama tena kabisa. Barabara ya lami ilikuwa mbali, na magoti ya Ouma Sanna yasingeweza kupanda lori. Treni ikiacha kusimama, alisema, yeye hatatoka pale tena, wala hakuna atakayeingia kumwona.

"Nimewaandikia barua," alisema. "Kila mmoja. Sikuwaomba waje kuniona. Hilo wameshazoea kukataa. Nimewaandikia hivi: joho lako limeshashonwa, lina jina lako, na fundi amesafiri kutoka Johannesburg kukupima mwilini."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia chambo na kuona ni kizuri. Nami, badala ya kuogopa, nilijaa furaha mpaka masikioni. Nilikuwa sehemu ya hila!

Ijumaa nzima niliwapima wale saba na kuzurura. Sijawahi kuzurura vile. Nyumba zilikuwa zimeng'olewa milango na mabati, lakini vyumba vilibaki na rangi zake, buluu, waridi, kijani, mchanga umelala pembeni kama mtu aliyehamia. Uzio wa kila nyumba ulisimamishwa kwa vipande vya reli. Katika hoteli ya zamani iliyoachwa tupu nilipanda ngazi mpaka chumba namba tisa, nikasimama dirishani, nikapiga kelele jina langu kamili kuelekea jangwani, na jangwa halikujibu, na hilo nalo likanifurahisha. Nilikuwa nimetoka Tabora, mji wa reli uliojaa watu, nikaja Johannesburg iliyojaa kuzidi, na sasa nilikuwa kwenye mji ambao ningeweza kuwahesabu wakazi wake wote kabla chai haijapoa. Nafikiri ugonjwa wangu wa kuhamahama ulianza dirishani pale. Jioni Ouma Sanna alinionyesha picha ya ukutani: kwaya yote kumi na wanane, na katikati msichana mwenye shingo ndefu, mdomo wazi. "Mwanangu Lena," alisema. "Ndiye anayeanzisha. Pasipo yeye hawa wengine hawajui pa kuingilia." Aliondoka akiwa na miaka ishirini, akasema harudi kwenye mchanga, na kwa miaka kumi na mmoja hakurudi. Anafanya kazi Randburg, kwenye ofisi. "Na yeye umemwandikia?" niliuliza. "Wa kwanza," alisema.

Jumamosi tulisimama jukwaani wote wanane, mimi nimeazimwa kofia. Treni ilitokea kwanza kama mtetemo, kisha kama nukta. Ilipunguza mwendo, ikasimama. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka bwana mmoja wa suti ya kahawia na faili kwapani. Akatusalimu. Akatuangalia, akaangalia jukwaa refu tupu nyuma yetu. Hakuna mlango mwingine uliofunguka. Nilimwona Ouma Sanna akiishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Hawa ndio wote?" aliuliza yule bwana, si kwa ubaya.

Ndipo kule nyuma kabisa, kwenye mabehewa ya daraja la tatu, mbali mpaka ilibidi nikinge jua kwa mkono, mlango ukafunguka, na mwingine, na watu wakaanza kushuka na masanduku na mifuko ya plastiki. Mmoja, wawili, watano. Oupa Dawid akaanza kukimbia. Mtu wa miaka sabini na tatu, kifua kibovu, anakimbia na kofia mkononi! Nami nikakimbia, nikampita. Walikuwa tisa kati ya wale kumi na mmoja, na nilipowafikia nikihema kitu cha kwanza kilichonitoka, Mungu anisamehe, kilikuwa, "Mama yangu, mmenenepa!" Walikuwa wanene wote. Akina mama wa haja, wanaume wenye vitambi vya heshima. Mwishoni kabisa alishuka mwanamke mwenye sanduku dogo, mabega mapana, shingo ileile ya kwenye picha. Alipomfikia mama yake alimshika mkono tu, kama mgeni, akaenda kusimama kivulini.

Treni ya kurudi ilikuwa inapita saa tisa, na bwana wa reli angeondoka nayo. Kwaya ingemwimbia akiwa jukwaani. Nilikuwa na saa tano. Ouma Sanna alitoa cherehani yake ya kukanyaga, Oupa Dawid akaipaka mafuta ya injini, na chumba cha kungojea kikawa duka la Jules Street. Nilipasua mishono kwa wembe, na kila nilipopasua, kitambaa cha Papa Kasongo kilijitokeza, vidole vinne, safi, kama kilikuwa kinajua. "Vuta pumzi, mama." "Nikivuta nitakupasulia, kijana." "Koos, tumbo hilo ni la wapi?" "La Kimberley. Lako ni la wapi?" "Langu ni la mume wangu, amenipikia." Wanawake walibadilisha nyuma ya pazia la blanketi, wanaume walisimama na mikono juu wakitekenywa na pini, na wote walicheka, na kati ya kicheko na kicheko nilisikia mtu akiuliza kwa sauti ndogo kama fulani bado yu hai. Bwana wa reli alikuwa amekaa pembeni akila mkate wa makaa, faili limefungwa.

Lena alikuja wa mwisho, saa nane ikikaribia. Nilipompandishia joho halikufika mgongoni. Nikapasua mshono kwa wembe, upande mmoja, nikijua tayari nitakachokikuta, maana jina lilikuwa fupi. Hakukuwa na kitu. Ukingo mwembamba kama ukucha.

"Basi," alisema Lena akilivua, na hakuwa amekasirika. Alionekana kama mtu aliyepata sababu aliyokuja kuitafuta. "Mama alinipima kwa ile picha ya ukutani. Hapa hakuna nafasi yangu. Nitakaa nao watazamaji."

"Wewe ndiye unayeanzisha," alisema Ouma Sanna.

"Wataanza wenyewe."

Hapo nilisikia mdomo wangu ukisema, "Nafasi ilikuwepo. Ni mimi niliyeikata." Nikawaeleza yote, mkasi, pasi, pipa la jirani, kujitia kwangu ufundi. Sikuwahi kuona aibu kama ile, wala tangu hapo sijaona. Ouma Sanna hakunigombeza. Alininyooshea fimbo kuelekea ukutani, kwenye simu ya stesheni.

Papa Kasongo alipokea mwenyewe. Nilisikia cherehani zikisimama nyuma yake.

"Ulikata," alisema.

"Nilikata, Papa."

"Ngapi?"

"Matatu. Moja mwenyewe amekuja."

"Mulifungia bintu na nini?"

"Na kitenge cha Mama Béa."

"Sasa? Unangojea nini? Kata kile. Tia ubavuni, kutoka kwapa mupaka chini."

"Papa, kina ndege. Kitaonekana."

"Kionekane!" alisema, na nyuma yake Mama Béa akapiga kelele, "Kitenge yangu!" na kisha nikamsikia anacheka, na simu ikakatwa.

Nilikata kitenge kile kwa mkasi uleule. Sijawahi kukanyaga cherehani kwa kasi ile, Oupa Dawid alishika saa yake ya mfukoni akinihesabia dakika kama anayechochea injini, "Kumi na tano! Kumi!" na Ouma Sanna alinikunjia mapindo. Lena alikuwa amesimama karibu yangu amejifunika blanketi, na mara moja akasema polepole, "Yule mzee huko Johannesburg, hanijui, sivyo?" Nikasema hamjui. "Na bado alikuwa ameniachia nafasi." Nikasema ndiyo, vidole vinne kila upande. Alilivaa. Lilimkaa. Alitoka jukwaani akasimama katikati ya wenzake kumi na watano, zambarau wote, na jua la Karoo liliposimama juu yao alinyanyua mikono kuanzisha, na chini ya mikono ile ndege wa manjano wakafunguka. Mtu alicheka, kisha sauti yake ikatoka, na hakuna aliyecheka tena. Treni ilifika katikati ya ubeti wa pili. Dereva hakupunguza mwendo tu, alizima kabisa, akashuka kusikiliza.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili: treni ingeendelea kusimama. Iliendelea miaka sita. Nikisimulia mpaka hapa watu huniambia, miaka sita tu? Mimi huwaambia wamuulize Lena, ambaye kila mwisho wa mwezi alipanda treni ile kwenda kwa mama yake, na aliyekuwa kando ya kitanda chake siku mama alipofariki. Baada ya hapo haikusimama tena. Lena alianza kuja Malvern kushona nguo zake, akaja kuwa mtu wa duka, akawa anakula bukari kwa mkono kuzidi Wakongo. Mimi nilihama. Nililinda majengo Randburg, nilishona Alexandra mpaka ile Mei wageni tuliposhambuliwa, nikakimbia na nilichoweza kubeba, nilikaa Windhoek, nilikaa Beira, nikarudi. Kila mji mpya natafuta kwanza stesheni yake. Papa Kasongo hakuwahi kunikemea kwa yale majoho matatu. Ila mkasi niliokatia aliutundika msumarini juu ya cherehani yangu, na kila niliporudi kutoka safari zangu niliukuta palepale, umetiwa mafuta.

Mkasi ulikuwepo mwezi uliopita pia, nilipofungua duka na kuwasha taa. Lena alilivaa joho, nikamzunguka na pini mdomoni. Nilipima mabega, nikapima kifua, nikasimama. Ugonjwa wa mwaka juzi ulikuwa umemrudisha kwenye vipimo vya daftari la mama yake, inchi kwa inchi.

"Naweza kuvitoa hivi vitenge," nilimwambia. "Joho la mwanzo sasa linakutosha. Litakuwa safi, kama la wengine."

"Ujaribu uone," alisema. "Kunja ndani."

Nikakikunja kitenge chote ndani, ndege kwa ndege, vidole vinne kila upande, nikakilaza na kukishikiza. Alijitazama kwenye kioo: zambarau tupu. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, akalipapasa ubavuni mpaka akaupata ule unene chini ya kitambaa.

"Na nikinenepa tena?"

"Utakuja nikupasulie."

"Utakuwepo? Wewe?"

Nilikata uzi kwa meno, maana sikutaka kuunyanyua mkono mpaka kwenye mkasi ule wa msumarini. Mfukoni funguo zilinigonga paja. "Nitakuwepo," nilisema, nikamwambia anyanyue mikono, nione kama kunabana.